"Ingekuwa hatari, angefanya?" Jibu kwa mama wa Kyeshero kuhusu vedeti, ziwa na bidoni

"Mwalimu, salamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Kyeshero, hapa Goma. Kijana wangu wa miaka 16 anamfuata kwenye simu mwanamuziki mmoja, jina silitaji. Mwezi uliopita huyo mwanamuziki alitoa video: yuko ziwani, anaruka kutoka juu ya paa la boti, nguo nyeupe, mkufu shingoni, jile (lile koti la kuelea majini) hana. Tangu siku ile mwanangu na wenzake wakienda kuchota maji wanapanda juu ya mawe na kuruka, mmoja anashika simu. Nikimkataza ananiambia: 'Mama, yule ni mtu mkubwa, ana pesa. Ingekuwa hatari, angefanya?' Baba yao anasema tumwandikie huyo vedeti aifute video. Dada yangu anasema kosa si la vedeti, ni langu, nimeshindwa kumshika mtoto. Mchungaji wetu naye alisema ziwa lina gesi inayovuta watu chini. Nauliza: watu maarufu wanapaswa kuwa mfano wa usalama kwa watoto wetu, ndiyo au hapana? Na mimi nifanye nini, wakati bomba halitoi maji na lazima mtoto aende ziwani?"

Mama, asante kwa kuandika kwa urefu. Wengi huniletea mstari mmoja, "mtoto aogelee au asiogelee?", nami nabaki kubahatisha ni mtoto gani na maji gani. Wewe umenifungulia nyumba nzima. Nimefundisha watu kuogelea na kuokoana katika ziwa hili la Kivu kwa miaka 19, na ninavyokusoma, hofu yako ni mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza, mtu usiyemjua ameingia nyumbani kwako kupitia simu, na neno lake limepita lako. Ya pili, huwezi kumfungia mtoto ndani, kwa sababu bidoni yake, dumu la maji, isiporudi hakuna maji ya kupikia. Hii ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, na nitaifikia.

Nianze na kijana. Usimwambie kwamba swali lake ni la kijinga, maana si la kijinga. Amepiga hesabu: mtu mwenye mali, sauti na jina hawezi kuviweka rehani kwa video ya sekunde chache. Hesabu yenyewe ni sawa. Kilichomponza ni kwamba anadhani alichokiona kwenye simu ndicho kilichotokea ziwani.

Nimewahi kulipwa, si mara moja, kukaa majini wakati video za namna hiyo zinapigwa. Tunafika alfajiri, kabla upepo haujaamka. Tunashusha kamba yenye jiwe kupima kina pale atakapoangukia, kisha mmoja wetu anazama kuangalia kama kuna mwamba. Wawili wanabaki nyuma ya boti, upande ambao kamera haifiki, na mtumbwi mwingine unangoja kando. Vedeti anaruka mara tano, mara sita. Mara ya pili ameanguka kwa tumbo. Mara ya nne amekunywa maji, tumemshika makwapa mpaka kwenye ngazi huku anakohoa. Baadaye fundi wa picha anachagua ile moja nzuri, anaipunguza mwendo, anaitia muziki. Mmoja wao hakujua kuogelea kabisa. Alikuwa na kamba nyembamba kiunoni, chini ya shati, na ncha ya pili niliishika mimi. Ukiitazama video ile utaapa kwamba yule bwana alizaliwa na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa.

Sisemi huyo wa mwanao alifanya hivyo, sikuwepo. Huenda aliruka tu kwa upumbavu, akabahatika. Lakini mwanao hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na hapo ndipo ushahidi wake unapovunjika. Hata mabingwa wa kazi hiyo wamekutwa na hili. Mwaka 2007 kulikuwa na kelele Uingereza ilipojulikana kwamba Bear Grylls, yule wa televisheni anayeonyesha jinsi ya kuishi porini, usiku mwingine alilala hotelini huku watazamaji wakiamini yuko peke yake nyikani. Baadaye vipindi vikawekewa tangazo la kueleza kwamba kuna timu na kwamba mambo mengine yamepangwa. Mimi sioni ubaya wa mtu kulala hotelini. Ubaya ni mtoto wa Kyeshero kudhani hoteli haikuwepo.

Sasa, kwa nini kijana mwenye akili anaiga? Mwaka 1961 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliwaacha watoto wadogo wamtazame mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Walipobaki na mwanasesere yule, wengi walirudia mapigo yale yale, hata na maneno yaliyosemwa. Watu wakisimulia habari hiyo huishia hapo. Mimi napenda zaidi jaribio lake la 1965. Safari hiyo watoto wengine waliona mtu yule akiadhibiwa mwishoni, na hao waliiga kidogo kuliko wenzao. Kisha wakaahidiwa zawadi, juisi na picha za kubandika, kwa kila pigo watakaloweza kuonyesha. Tofauti ikatoweka. Kumbe mapigo yote walikuwa wameshayashika, walikuwa wanayaweka akiba mpaka yapate bei.

Ukielewa hilo utaona kwa nini ushauri wa baba watoto, ingawa ni wa mtu mwema, hautafika mbali. Vedeti anaweza kuifuta video leo jioni. Kuruka hakutafutika, kumeshaingia mwilini mwa vijana wote wa mtaa. Na juisi ipo pale pale juu ya mawe: ni yule mwenzao anayeshika simu. Bila simu ile, kijana angeruka mara moja, angeona baridi, angechukua bidoni yake na kupanda kilima. Kwa hiyo mwandikieni vedeti mkitaka, lakini msimwombe afute. Mwombeni atoe nyingine akiwa amevaa jile, na asieleze chochote.

Nasema hivyo kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho mtu maarufu anakiweza kuliko mimi, kuliko wewe, kuliko serikali. Anaweza kuondoa aibu. Waulize vijana kwa nini hawavai jile na hawatakwambia kwanza kwamba ni ghali. Watakwambia jile ni ya wageni, ya waoga, ya mama wa kisiwa cha Idjwi anayesafiri na mbuzi. Siku mtu wanayempenda akiivaa kama anavyovaa koti la jukwaani, maneno hayo yanakufa. Tuliona Innoss'B, mwanamuziki, mtoto wa hapa hapa Goma, alivyowafanya watoto wa mji mzima washike hatua za dansi bila mwalimu wala darasa. Nguvu hiyo ni ya kweli na ningependa siku moja niikodi.

Lakini hatua ya dansi ukiikosea unachekwa, kesho unairudia. Majini kosa la kwanza ndilo linalokumaliza pumzi. Umaarufu hausafirishi uwezo: haumpi mwanao mapafu ya mtu mwingine, wala kamba ya kiunoni, wala wale wawili nyuma ya boti. Basi ulitaka ndiyo au hapana, nami nakupa zote mbili kwa haki yake. Kwa mambo ya kuvaa na kuonekana, ndiyo, wawe mfano, na wanapokosea tuwaambie. Kwa mambo ya kujua kina, wimbi na mwili wako, hapana, hata wakiwa waangalifu kama malaika. Mfano wa hayo ni lazima awe mtu ambaye mtoto anaweza kumwona akichoka.

Nikupe tukio moja la kweli, na umsimulie kijana polepole. Naya Rivera alikuwa mwigizaji na mwimbaji wa Marekani, maarufu kuliko vedeti yeyote wa kwetu. Tarehe 8 Julai 2020 alikodi boti ndogo katika ziwa Piru, California, yeye na mwanawe wa miaka 4. Wakaogelea. Mtoto alikutwa peke yake ndani ya boti, mzima, amevaa jile. Jile ya mama ilibaki botini. Mwili wake ulipatikana siku tano baadaye. Huyu hakuwa mzembe: alimvalisha mtoto. Alijua kabisa jile ni ya nini. Huenda alijiona yeye ni mtu mzima na anajua kuogelea, jambo ambalo wewe na mimi tunajionea kila siku. Ndiyo maana nakuomba usimwambie kijana "unaona, wanakufa". Mwambie maji hayakuuliza jina.

Na mfano wa nyumbani. Mwezi wa Aprili 2019, boti ilipozama katika Kivu na watu wengi kupotea, Rais Tshisekedi aliagiza abiria wote wavae jile. Hakuna anayejulikana nchini kuliko Rais. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiwa ufukweni wanaitazama. Kati ya neno la mkubwa na kifua cha abiria kuna safari ndefu: nani ananunua jile, nani anazihesabu, nani anaikataa nauli ya mtu wa mia moja. Vedeti naye atakutana na safari hiyo hiyo.

Tuje kwenye ziwa lenyewe, maana hapa ndipo naogopa zaidi ya video. Mchungaji wako namheshimu, na kwamba gesi ipo hakusema uongo. Kivu ina kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Lakini gesi hiyo imefungiwa kilindini, kuanzia kama mita 250 kwenda chini, ikishikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, katika ziwa ambalo kina chake kinafika karibu mita 480. Wanyarwanda upande wa Karongi wanaitaka wapate umeme, na imewabidi washushe mabomba marefu kuifuata. Ingekuwa inapanda yenyewe kuvuta waogeleaji wa Kyeshero, wasingehangaika. Anayezama hatua kumi kutoka ufukweni hajavutwa na gesi. Amekosa pa kukanyaga.

Ufukwe wetu umejengwa na lava. Lava ilitiririka, ikafika majini, ikapoa kama ngazi zilizovunjika. Kwa hiyo unatembea maji yakiwa kiunoni, hatua inayofuata ni kifuani, nyingine hakuna chini. Na maji safi hudanganya macho. Mwanga unapotoka majini hupinda, hivyo sakafu ya ziwa inaonekana karibu kuliko ilivyo: kina cha mita 2 ukikitazama kutoka juu kinaonekana kama mita 1 na nusu. Kijana mwenye urefu wa mita 1 na 65 anasema moyoni, "nitasimama". Hasimami. Waliosema maji usiyoyafika hujui kina chake nadhani walishawahi kudanganywa namna hiyo. Kwa kuruka ni kinyume na hilo, na ni kubaya zaidi: jiwe liko chini kidogo tu ya uso wa maji, mng'aro wa jua umelificha, na ziwa hupanda baada ya mvua na kushuka kiangazi, hivyo pale waliporuka salama mwezi wa tano si pale pale mwezi wa tisa. Kichwa kikitangulia, shingo ndiyo hupokea uzito wote. Kwa hilo sina njia ya katikati: kutanguliza kichwa kutoka juu ya mawe ya Kyeshero, hapana. Hata mimi siruki.

Mazuku ni kitu kingine, usichanganye. Hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde ya lava, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Wazee wetu waliijua kabla ya vipimo. Usiku na alfajiri pasipo upepo ndiyo saa zake. Mtoto asiingie shimoni kufuata mpira, bidoni wala mbuzi, na akimwona mwenzake amelala humo asishuke, aite watu wazima. Watu hujaribu kwa kiberiti: kikizimika wanaondoka. Ubaya wake ni kwamba gesi huanza kumlevya mtu kabla haijazima moto.

Jambo ambalo hata watu wazima hawaliamini ni jinsi mtu anavyokufa maji. Methali inasema mfa maji haishi kutapatapa. Kwa mambo ya dunia ni kweli. Ziwani imeua watu. Anayezama kweli huwa kimya, kwa sababu mdomo unatoka juu kwa nusu pumzi na kurudi chini, na pumzi hiyo haitoshi kuita. Mikono haipungi. Inasukuma maji pembeni, kama mtu anayejaribu kupanda ngazi isiyoonekana. Kichwa kimelala nyuma, macho yako wazi na hayaoni. Hayo huchukua sekunde 20 mpaka 60, kisha hakuna tena. Kwa aliye ufukweni inafanana na mchezo. Kwa aliyeshika simu inafanana na picha nzuri.

Ndiyo maana, Mama, kazi yangu ya kwanza ningeifanya na huyo mwenye simu. Yeye tayari amesimama pakavu, tayari anatazama. Mnyang'anye simu, mpe bidoni tupu ya lita 20 iliyofungwa kamba ya mita 15 hivi kwenye mshikio wa bidoni, kifuniko kimekazwa. Bidoni hiyo majini inabeba karibu kilo 20, na mtu mzima anahitaji kama kilo 5 tu ili kichwa kibaki juu. Atie maji kidogo ndani, kama lita 2, iwe na uzito wa kurushwa mbali. Arushe ipite bega la mwenzake, aivute polepole mpaka imguse. Asiruke majini kumfuata. Nimesaidia kuzika ndugu wawili kwa siku moja, na wa pili alikuwa mwogeleaji mzuri kuliko wa kwanza.

Lakini bidoni ya kuokoa isigeuke kuwa bidoni ya kuegemea. Watoto wetu huilalia na kupiga miguu kuelekea ndani. Kifuniko kinavuja, au mkono unateleza, upepo unaichukua haraka kuliko mtoto anavyoogelea, naye anaifuata kwa sababu anajua akirudi bila bidoni atapigwa. Hapo nina ombi gumu kwako: mwambie kijana wazi, mbele ya wadogo zake, kwamba bidoni ikienda iende. Wengine wamekufa wakifuata chombo cha kununua sokoni.

Kuhusu kumkataza kabisa, umeshaliona mwenyewe. Kukataza kungekuwa na maana kama bomba lingekuwa na maji. Amri ambayo jiko lako linaivunja kila siku inamfundisha mtoto kwamba amri zako ni maneno tu. Afadhali amri tatu zinazowezekana: aende mchana, jua likishatoka na kabla upepo wa alasiri haujainuka, asiende peke yake, na mmoja daima abaki pakavu na ile kamba. Dada yako, kwa upendo wote, amekosea anwani. Mama wa watoto wanne asiye na maji nyumbani hajashindwa kumshika mtoto. Ameshika vingi mno kwa mikono miwili.

Je, umfundishe kuogelea? Ndiyo, ila nisikuuzie ndoto kwa kuwa ni kazi yangu. Aliyejifunza mara tatu, kwa macho yangu, ana hatari kuliko asiyejua kitu, kwani hofu imetoka na uwezo haujaingia. Kwa hiyo mimi sianzi na kwenda mbele. Naanza na kuelea chali: masikio majini, tumbo juu, pumzi polepole, dakika moja, kisha tano, kisha akiwa na nguo zake za kila siku. Kijana anayeweza kuelea dakika kumi na nguo amepata kitu ambacho vedeti wa video hawezi kumpa, yaani muda. Ukimkuta mtu anayefundisha mbio kabla ya kuelea, tafuta mwingine. Mara nyingi mwalimu mzuri kuliko sisi wenye vyeti ni mvuvi wa sambaza anayelala ziwani usiku kucha. Muulize siku gani alikataa kwenda kuvua, na kwa nini. Kijana asikie jibu hilo kutoka kwa mwanaume mwenye misuli, asiliite woga.

Na jile, kama mtapata fedha. Si kila kitu cha rangi ya chungwa kinaelea. Nyingine zimejazwa sponji inayonywa maji. Angalia ndani kumeandikwa nini: 50 N (N, yaani nyutoni, ni kipimo cha nguvu ya kuelea) ni ya mtu anayejua kuogelea, 100 N na kuendelea imetengenezwa kumsaidia mtu uso uwe juu, ingawa 100 N si hakika akiwa amezimia na nguo nzito. Iwe ya uzito wake, si ya kaka yake. Aivae, aingie maji ya kifuani, akunje miguu. Kidevu kikibaki juu na jile isipompanda masikioni, nunueni. Ndani ya boti ivaliwe kabla ya kung'oa nanga. Nimeona abiria wameikalia kama mto, na mto hauvaliki boti ikishalala ubavu.

Sasa sehemu ambayo hupaswi kuningoja mimi wala kuandika. Mtu akitolewa majini hapumui, msimninginize miguu juu, msimkamue tumbo, msimkimbize mabegani kuzunguka uwanja. Mlaze chali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni mpaka kifua kipande. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea hivyo wakati wengine wanatafuta gari. Akizinduka, bado aende hospitali, hata akisema yuko sawa. Aliyekunywa maji akaendelea kukohoa, kupumua mbio, au kulala ovyo saa chache baadaye, maji yameshagusa mapafu. Chai ya tangawizi haiyatoi.

Aliyeruka akalalamika shingo, au ganzi mikononi, msimkalishe. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine wambebe amenyooka juu ya ubao. Na aliyegonga kichwa, iwe kwenye jiwe, kwenye pikipiki, au ameanguka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mchungeni hata akicheka. Hapo mavedeti wanaweza kutufundisha kitu bila kutaka. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka Machi 2009 akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont-Tremblant, Canada, kwenye mteremko wa wanaoanza, bila kaske, yaani kofia ngumu. Aliinuka, akatania, akasema hahitaji daktari. Saa moja hivi baadaye kichwa kikamuuma, na siku mbili baada ya kuanguka akafariki: damu ilikuwa inavujia kati ya fuvu na ubongo. Michael Schumacher, bingwa wa dunia wa magari mara 7, aliangukia jiwe kule Méribel, Ufaransa, tarehe 29 Desemba 2013 akiwa amevaa kaske, nje kidogo ya njia iliyowekewa alama. Madaktari walisema bila kaske asingefika hospitali. Alifika, lakini maisha yake hayakurudi kama zamani. Basi maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, jicho moja kuwa na mboni kubwa kuliko la pili, ni safari ya hospitali usiku huo huo, siyo kesho asubuhi.

Kuhusu video, fanya hivi kabla ya yote. Mkae wawili, muitazame tena na mwanao, bila kumgombeza. Mwulize: anayeshika kamera amesimama wapi? Boti inaendeshwa na nani? Kabla ya sekunde ya kwanza kulikuwa na nini, na baada ya kuruka alitokaje majini? Video hizi karibu zote hukatwa mtu akiwa hewani. Mwache aseme mwenyewe kwamba hakuna aliyeonyeshwa akipanda kurudi.

Kisha, akikubali, mlete ziwani Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, na yule wa simu aje pia. Waje na bidoni moja nzima, na wakague kifuniko kabla ya kutoka nyumbani.